Kulabu, Uzi na Njaa ya Ayalandi

Msomaji, katika sebule nyingi za nchi yetu utaona vitambaa vilivyofumwa kwa mkono na kutandazwa juu ya meza na migongo ya viti. Utaona pia kofia za watoto, shali za akina mama na mikoba iliyofumwa kwa ufundi huo huo. Ufundi wenyewe huitwa kroshia. Kwa kuwa tumeuzoea tangu utotoni, twaupita bila ya kuutazama, kama mtu apitavyo kando ya mti aliozaliwa akaukuta. Wavulana hudhani ni kazi ya wasichana, na wasichana hudhani ni kazi ya bibi zao. Vitabu vya historia navyo, ambavyo vimejaa tele vita na wafalme, ni vigumu kuipa kroshia hata ukurasa mmoja.

Hata hivyo iko nchi moja ambayo habari zake haziwezi kusimuliwa kwa ukamilifu bila ya kuitaja kulabu ya kroshia. Nchi hiyo ni Ayalandi, kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza. Huko, katikati ya karne ya 19, kulabu moja na kibonge cha uzi vilisimama baina ya maelfu ya watu na kaburi. Nataka tuifuate habari hiyo, kwa sababu ndani yake mna fundisho kuhusu kuiga na kuelewa, na fundisho hilo lakuhusu wewe uliyeko shuleni leo.

Kwanza yafaa tujue kroshia ni kitu gani. Mfumaji wa nguo za kawaida hutumia nyuzi nyingi, zinazolala na zinazosimama, katika kitanda cha mfumi. Mfumaji wa kroshia hana ila uzi mmoja na kulabu moja. Hupitisha kulabu ndani ya kitanzi cha uzi, akauvuta uzi, akapata kitanzi kingine; na kutokana na hicho akapata cha tatu, mpaka mnyororo wa vitanzi ukamilike. Kisha huurudia mnyororo ule kwa safu ya pili na ya tatu. Kazi nzima, iwe kofia au gauni, ni uzi mmoja uliopita ndani yake wenyewe mara elfu nyingi.

Jambo la pili la kujua ni ruwaza. Ruwaza ni maelezo yamwongozayo mfumaji: aanze na vitanzi vingapi, aongeze wapi, apunguze wapi, amalizie vipi. Wako wafumaji waifuatao ruwaza neno kwa neno, na wako wale wajuao kwa nini ruwaza imesema hivyo. Mwanzoni hutaweza kuwatofautisha watu hawa wawili, kwa maana kazi zao zafanana. Tofauti yao hudhihirika siku mambo yanapobadilika.

Chukua mfano wa kofia ya duara, ili tulione jambo hili kwa hesabu. Mfumaji huanza katikati ya utosi kwa vitanzi 6. Mzunguko wa pili huwa na vitanzi 12, wa tatu 18, wa nne 24. Yaani kila mzunguko huzidi ule uliotangulia kwa vitanzi 6, na kwa njia hiyo duara hukua huku likilala sawasawa kama sahani. Akiongeza zaidi ya hapo, ukingo wake hujikunja kama jani la kabichi. Akiacha kuongeza, duara huanza kushuka na kuwa bakuli. Na bakuli hilo ndilo kofia.

Sasa, aache kuongeza lini? Hapo ndipo akili inapohitajika. Tuseme uzi wake hutoa vitanzi 20 katika sentimita 10, yaani viwili kwa kila sentimita, na kichwa cha mvaaji kina mzingo wa sentimita 56. Kofia ya uzi hunyumbuka, kwa hiyo huifanya iwe ndogo kidogo kuliko kichwa, tuseme sentimita 54. Sentimita 54 zataka vitanzi 108. Na 108 ni 6 mara 18. Basi ataongeza mpaka mzunguko wa 18, kisha ataacha. Akitaka kumfumia mdogo wake mwenye kichwa cha sentimita 50, kofia itakuwa ya sentimita 48, vitanzi 96, mizunguko 16. Lakini tuseme sokoni amekosa uzi ule, akapata uzi mnene utoao vitanzi 15 tu katika sentimita 10. Akishika ruwaza ya vitanzi 108 kama mtu akaririye asichokielewa, atapata kofia ya sentimita 72, itakayomfaa jitu la hadithini. Aliyeelewa atafanya hesabu upya, aone kwamba vitanzi 78, yaani mizunguko 13, vitampa kofia ya sentimita 52. Na kwa uzi unaonyumbuka, hiyo yatosha. Uzi umebadilika, kichwa ni kile kile, na kazi haikuharibika.

Weka mfano huu moyoni, kisha twende Ayalandi.

Katika mwaka wa 1841 watu wa Ayalandi walihesabiwa wakapatikana kuwa zaidi ya milioni 8. Nchi ilikuwa chini ya serikali ya London, na sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa mali ya mabwana wachache. Mkulima maskini alikodi kipande kidogo cha ardhi, na juu ya kipande hicho alipanda viazi, kwa sababu hapana zao jingine ambalo lingeweza kulisha jamaa nzima katika eneo dogo kama lile. Nafaka na mifugo viliuzwa ili kulipa kodi. Viazi ndivyo vilivyoliwa. Mamilioni ya watu, basi, walikuwa wametegemea zao moja.

Katika mwaka wa 1845 ugonjwa ulioletwa na kijidudu kilicho mfano wa kuvu uliingia katika mashamba. Majani ya viazi yaligeuka kuwa meusi, na viazi vyenyewe vilioza ardhini. Mwaka wa 1846 karibu mavuno yote yaliharibika. Mwaka wa 1847 ulikuwa mbaya hata watu wa huko wameupa jina la mwaka mweusi, maana njaa ilifuatana na homa, na walionusurika na ile waliuawa na hii. Msaada wa serikali ulikuwa mdogo, na katika miaka hiyo hiyo chakula kiliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa ng'ambo. Kabla ya msiba kwisha, watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni moja walikuwa wameihama nchi. Katika hesabu ya mwaka wa 1851 walibaki milioni 6 na nusu tu.

Mwanamke wa shambani aliyekuwa na watoto wanne na shamba lililooza alikuwa na kitu gani cha kuuza? Ng'ombe hana, akiba hana, shamba si lake. Alikuwa na mikono yake tu. Na hapo ndipo kroshia ilipoingia.

Kroshia ilikuwa ingali kazi changa katika Ulaya. Maelezo yake ya mwanzo kuchapishwa tunayoyajua yalitoka katika gazeti la Kiholanzi lililoitwa Penélopé, katika miaka ya 1820, na yalihusu vibeti. Katika Ayalandi watawa wa Kiursulina wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, walikuwa wakiifundisha katika miaka ya 1840. Njaa ilipozidi, masista, wake za makasisi na mabibi wengine wenye huruma katika pande mbalimbali za nchi walianza kuwakusanya wanawake na wasichana ili wawafundishe. Kazi hii ilikuwa na faida kubwa moja: haikutaka mtaji. Kulabu iliweza kutengenezwa nyumbani kwa kipande cha waya kigumu kilichochomekwa katika mpini wa mti. Uzi wa pamba ulikuwa wa bei ndogo. Mtu aliweza kufuma huku akichunga mtoto au akikaa mlangoni kutafuta mwanga wa jua.

Lakini fikiri, msomaji. Kujua kufuma si kujua kuuza. Nani katika London au Paris angenunua kitambaa cha mwanamke maskini asiyemjua? Matajiri wa wakati ule walitaka lesi, yaani kitambaa chepesi cha matundu na maua, cha kutia katika ukosi na ncha za mikono ya nguo. Lesi iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ile ya zamani ya Venice, mji wa Italia, iliyofanywa katika karne ya 17 kwa sindano ya kushonea. Ilikuwa na maua yaliyonyanyuka kama yamechongwa, na kipande kidogo tu kiliweza kumaliza miezi mingi ya kazi. Mwenye njaa hawezi kungoja miezi.

Basi wafumaji wa Ayalandi wakafanya jambo la akili. Waliitazama lesi ya Venice wakajiuliza: uzuri wake umejengwaje? Waliona kwamba ni maua na majani yaliyo mbalimbali, yamenyanyuka juu, kisha yameunganishwa kwa nyuzi nyembamba. Vitu vitatu hivyo vyote kulabu iliweza kuvifanya kwa njia yake yenyewe. Ili ua linyanyuke, walifuma vitanzi kuuzunguka uzi mnene uliofichwa ndani. Ili vipande vishikamane, walifuma wavu mwepesi baina yake. Kazi iliyomaliza miezi kwa sindano ilipungua ikawa ya majuma. Hawakuiiga Venice, waliitafsiri, kama mtu atafsiriye habari kutoka lugha moja hadi nyingine, akaacha maneno na kuchukua maana.

Miongoni mwa watu waliosaidia sana katika jambo hili ni Eléonore Riego de la Branchardière, bibi aliyekuwa na baba Mfaransa na mama Mwayalandi. Alitunga ruwaza nyingi za kroshia, na kuanzia miaka ya 1840 alichapisha vitabu vyake kimoja baada ya kingine katika London. Katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka wa 1851 alipewa medali kwa kazi yake. Kwa vitabu vyake ruwaza iliweza kusafiri hadi mahali ambapo mwalimu hakufika.

Mwingine ni Cassandra Hand, mke wa kasisi wa mji mdogo wa Clones, katika kaunti ya Monaghan. Mwaka wa 1847, katikati ya njaa, alimwita mwalimu kutoka shule ya kroshia ya Thornton, katika kaunti ya Kildare, ili awafundishe wanawake wa Clones. Kazi ikaenea mashambani, na baada ya muda si mrefu Clones ikawa mojawapo ya vituo vikubwa vya lesi ya kroshia nchini. Wafumaji wa huko walijipatia alama yao. Katika wavu wa kuunganishia walitia vifundo vidogo vya mviringo, vilivyofanywa kwa kuuzungusha uzi juu ya kulabu mara nyingi kabla ya kuuvuta. Mpaka leo vinaitwa vifundo vya Clones.

Sasa tazama jinsi nguo yenyewe ilivyotengenezwa, kwa maana hapa ndipo akili yao ilipong'aa zaidi. Katika kroshia ya kawaida umbo la nguo limo ndani ya hesabu ya vitanzi, kama tulivyoona katika kofia. Ukikosea hesabu, umeikosa nguo. Wafumaji wa Ayalandi waliyatenga mambo haya mawili. Kwanza walifuma waridi, majani, zabibu na shamroki, mmea mdogo ulio nembo ya nchi hiyo. Kila kipande kilifumwa peke yake. Mfumaji mmoja aliweza kuwa hodari wa waridi, mwingine wa majani. Husimuliwa kwamba jamaa nyingine zilikuwa na maua yao maalumu ambayo hazikupenda kuwafunza jirani. Kisha umbo la ukosi, au la blauzi nzima, lilichorwa juu ya kitambaa kwa kipimo kamili cha mvaaji. Vipande vilipangwa juu ya mchoro huo na kushikizwa kwa uzi, uso ukielekea chini. Baada ya hapo nafasi zilizobaki zilijazwa wavu. Mwisho nyuzi za kushikizia zilikatwa, na nguo ikatoka imekamilika, haina mshono.

Waona faida yake? Umbo la mwili lilikuwa katika mchoro, na pambo lilikuwa katika maua. Mvaaji akiwa mnene, mchoro ulipanuliwa na maua mawili yakaongezwa. Mitindo ikibadilika, ukosi mpana ukawa mwembamba, maua yale yale yalipangwa upya. Watu 10 waliokaa katika vibanda 10 waliweza kushiriki katika nguo moja, na kila mmoja akalipwa kwa kipande chake. Hivyo ndivyo nyumba nyingi zilivyopata unga, kodi ya pango, na hata nauli ya kumpeleka kijana Marekani.

Sitaki kukudanganya kwamba kroshia iliishinda njaa. Haikuishinda, makaburi ya Ayalandi ni ushahidi. Wala malipo hayakuwa ya haki sikuzote, kwa sababu baina ya mfumaji na mvaaji walikuwapo wafanyabiashara, nao walichukua fungu lao kabla ya mwenye kazi. Lakini kwa nyumba iliyopata senti chache za kila juma, senti hizo zilikuwa ni tofauti ya kuishi na kufa.

Njaa ilipokwisha, kulitokea jambo la kusikitisha. Lesi ya Ayalandi ilikuwa imekwisha pata sifa, na wanunuzi walikuwa wengi. Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wafumaji wengi walianza kufanya haraka. Ua lilinakiliwa kutoka katika nakala, na nakala ile ikanakiliwa tena, mpaka waridi halikuwa na sura ya waridi wala ya ua lolote. Wale wa kwanza walikuwa wametazama lesi ya Venice na bustani zao. Hawa walitazama kazi ya jirani tu. Wanunuzi wakachoka, mitindo ikageuka, na biashara ikaanguka.

Katika mwaka wa 1883 lesi za Ayalandi ziliwekwa katika maonyesho kwenye jumba la Mansion House, London. Wataalamu walioziangalia walikuta kwamba mikono ya wafumaji ingali hodari; kilichokuwa kimedhoofika ni michoro. James Brenan, mkuu wa shule ya sanaa ya Cork, na Alan Cole, mtaalamu wa lesi kutoka London, walishughulika kuleta masomo ya uchoraji katika nyumba za watawa na shule za lesi, ili mfumaji ajifunze kuchora kabla ya kufuma. Dawa ya ufundi uliokufa ilikuwa penseli na karatasi. Ndipo lesi ikafufuka. Na katika miaka iliyotangulia vita vya mwaka wa 1914, blauzi na makoti ya kroshia ya Ayalandi yalivaliwa na wanawake wa fahari katika Paris na New York.

Vita ile, mitindo mipya iliyoifuata, na mashine zilizoiga sura ya lesi kwa bei ndogo, viliipunguza tena biashara hiyo. Lakini ufundi haukupotea. Huko Orvieto, mji wa Italia, chama kiitwacho Ars Wetana kilianzishwa mwaka wa 1907 kuwapa wanawake kazi ya lesi. Walichukua njia ya Ayalandi, lakini hawakuchukua shamroki zake. Waliyatazama mapambo yaliyochongwa katika kanisa lao kuu, wakafuma majani ya mizabibu na viumbe walivyoviona humo. Waayalandi walikuwa wamejifunza kutoka Italia. Sasa Waitalia walijifunza kutoka Ayalandi. Na kila mmoja alitia cha kwao.

Msomaji, hapo ndipo nilipotaka kukufikisha. Hapana fundi aanzaye bila ya kuiga, na si aibu kuiga. Aibu ni kukaa katika kuiga mpaka uzee. Mwanafunzi anakiliye jibu la hesabu kutoka ubaoni ana jibu moja kwa swali moja; swali likibadilishwa tarakimu, hana kitu. Aliyeuliza jibu limejengwaje ana majibu ya maswali ambayo bado hayajaulizwa. Wanawake wa Clones hawakupewa muda wa kusoma vitabu vingi, na wengine hawakujua kusoma kabisa. Lakini walikuwa wanafunzi wa kweli, kwa sababu waliifungua kazi ya wenzao wakaona mifupa yake.

Basi utakapopewa ruwaza, iwe ya kofia, ya insha, ya shamba au ya serikali, ishike kwa heshima, kwa maana mtu aliyeitunga alitaabika. Kisha uliza: imepimwa kwa kichwa cha nani, na kwa uzi wa wapi? Uliza kila kitanzi kiko pale kwa sababu gani. Ukisha kujua, pima kichwa chako mwenyewe, hesabu uzi ulio nao mkononi, na uanze kufuma.